Jina la Aliyekisuka

Walimu wenzangu, najua mmenuna. Mlichanga mkamnunulia mama yangu kitenge, mkanisindikiza kwa vigelegele, halafu nimerudi nimenyamaza wiki nzima kama mtu aliyefiwa. Kila mkiniuliza, "Mwalimu Adela, vipi Dar?" nawajibu, "Salama." Haikuwa salama. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitalia mbele ya darasa la tano, na mnanijua, nikishalia huwa mkali kwa siku tatu.

Mnachokijua ni hiki. Jumba moja la makumbusho huko Dar es Salaam liliandaa maonyesho ya kazi za wanawake: michoro, vyungu, mikeka, vikapu. Ghalani mwao kulikuwa na kikapu kilichochukuliwa Kumsenga nikiwa mtoto mdogo, na kwenye daftari lao aliyekisuka ameandikwa Domitila, mama yangu. Wakamtafuta mpaka wakampata, wakamwalika siku ya ufunguzi akae karibu na kikapu chake na awaonyeshe watu kinavyosukwa. Habari za barua, nauli na mihuri naziruka. Hazina utamu wowote.

Kumsenga hadi Kibondo, kwa matope

Nilimfuata Mama Kumsenga siku mbili kabla ya safari. Nilimkuta amekaa kizingitini, nywele amezisuka, mzigo wa nyasi na nyuzi za mgomba ameshaufunga kwa khanga. Nikamkunjulia kile kitenge chenu. Akakipapasa kidogo, akanirudishia.

"Kizuri. Lakini sikivai."

"Mama, walimu wamechanga!"

"Waambie wakoze cane, asante sana. Sikivai."

Nikakasirika, sitaficha. Majirani nao wakaja kumuaga kwa nyimbo, mmoja akapiga goti akamwambia amewainua wanawake wa Kumsenga wote. Mama akamtazama yule mama kama anadaiwa, akaingia ndani akatuacha uani. Nikawaambia ana presha. Ndiyo uongo wa kwanza wa safari hii, na niliusema mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bodaboda alitubeba wote wawili na mzigo, tukaenda vizuri mpaka kwenye mteremko, pikipiki ikateleza ikalala ubavu, nasi tukalala nayo. Hakuna aliyeumia. Dereva, baba wa makamo, alisema pole mara kumi. Mama alikuwa anakagua nyasi zake kama zimelowa, hata goti lake lililochunika hakuliangalia. Tulitembea mpaka barabara kuu, viatu mkononi, tukafika Kibondo tumefanana na wachimba visima.

Kibondo hadi Kasulu, kurudi nyuma ili kwenda mbele

Hapa ndipo tulipogombana. Basi la Dar linalotoka Kasulu linapita Kibondo, linasimama pale pale stendi, unapanda, unakwenda. Mtoto mdogo anajua. Mama akasema hapana, twende kwanza Kasulu.

"Kufanya nini Kasulu? Tutarudi tena hapa hapa kesho kutwa!"

"Basi turudi."

"Mama, niambie sababu."

"Ukifika utaiona."

Nilipanda gari la Kasulu nimefura. Nilihesabu vilima kwa hasira. Tulikaa saa mbili njiani kwa sababu lori la mbao lilikuwa limekwama likaziba njia, abiria wakashuka wakanunua ndizi za kuchoma, wakaanza kupiga soga na Mama. Wote walikuwa na swali moja: "Bibi, unapelekwa hospitali gani?" Kwetu mzee akiambiwa anakwenda Dar, watu wanaelewa ni ugonjwa tu. Nikaanza kueleza habari za makumbusho, Mama akanivuta mkono.

"Waache. Na mimi ni mgonjwa."

Wakampa pole. Mama mmoja akamwombea pale pale barabarani, mkono kichwani, na Mama akainamisha kichwa akaitikia amina. Nikaona aibu, nikafikiri ananifanyia kusudi.

Kasulu tulilala kwa Bi Salma, mwenye duka la vitenge karibu na soko, ambaye mume wake alifundisha nami zamani. Watu wake ni wa Tanga, na hata baada ya miaka yote hii Kasulu bado anaongea Kiswahili cha pwani, cha taratibu. Alitupakulia ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Mimi nilikula mpaka nikafungua kifungo. Mama alimega tonge moja akaliweka pembeni ya sahani.

"Mwanangu," Bi Salma akaniambia jikoni, "huyu mama yako haumwi mwili. Kuna jambo limemkaa kooni. Usimkaripie."

Nilikuwa nimemkaripia tangu asubuhi. Nilinawa mikono nikaenda kulala nimejichukia kidogo.

Kitanga, kwa Dada Skolastika

Asubuhi Mama akasema twende Kitanga. Nikaelewa nusu. Kitanga anaishi Dada Skolastika, mtoto wa Mama Mkubwa.

Nieleze kwa wasiotujua. Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mkubwa alikuwa Leokadia, sisi watoto tukimwita Mama Mkubwa, na mdogo ndiye mama yangu. Mama Mkubwa alizaliwa Kitanga. Alipougua alipelekwa hospitali ya Kabanga, akakaa huko akiuguzwa na Skolastika, na alipofariki kaka zake wakamchukua wakamzika kwao. Skolastika akabaki huko huko kwa wajomba, akaolewa hapo hapo. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka kwa Mama Mkubwa ni kwamba alitumia mkono wa kushoto. Alichochea ugali kwa kushoto, alipalilia kwa kushoto, alinichapa kwa kushoto.

Tulimkuta Skolastika anapukuchua maharage uani. Alituona, akasimama, akafurahi kweli kweli. "Mwakeye! Mama Mdogo! Adela! Mbona hamkupiga simu?" Akatoa mkeka. Mama hakukaa.

"Nisikilize nikiwa nimesimama," alisema. "Kile kikapu cha mama yako, alichowekea maharage ya mbegu. Ulikiulizia baada ya msiba."

"Ulisema kilioza."

"Nilidanganya. Hakikuoza."

Akaeleza, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye mkeka aliotandikiwa Mama. Mama yako yuko Kabanga, alisema, wakaja wageni wanatafuta vitu vya kuweka makumbusho. Niliwatandazia vikapu vyangu vyote, vile vya kupelekea harusi, na watu wote wanajua nilivyokuwa nasuka. Wakavipita. Wakaingia ndani wakaona kile cha mukeba wangu, yaani mke mwenzangu, pale kwenye kichanja, kimejaa maharage. Wakaomba niyamwage kwenye ungo. Wakauliza, nani amesuka hiki? Nikasema, mimi.

"Hivyo tu?" Skolastika aliuliza.

"Hivyo tu. Neno lilinitoka, na nililiacha liende. Wakaandika. Wakaniachia sabuni na kitenge."

"Kile cha bluu?"

"Kile cha bluu."

"Ulikivaa kwenye mazishi yake," Skolastika alisema. "Nilikuona. Nikasema moyoni, Mama Mdogo amependeza kwa ajili ya mama."

Mawee! Natamani mngekuwepo, au afadhali hamkuwepo. Mama alisimama pale mikono imening'inia. Akasema sasa wameita jina hilo Dar, wanataka kumkalisha karibu na kikapu watu wampigie makofi, na yeye anakwenda kulitoa jina lake na kuweka la mwenyewe, lakini asingeweza kupita Kibondo moja kwa moja bila kuja kwanza kumwambia mwenye mama.

Skolastika alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Akaendelea kupukuchua. Hakutupa maji, hakutupa chakula, na mnajua kwetu hilo lina uzito gani.

"Nenda ukaseme," alisema mwishowe bila kuinua macho. "Leo usiniombe msamaha, sina. Ukishasema mbele ya watu, ndiyo uje."

Kasulu hadi Dar, pamoja na Kibondo tena

Basi lilitoka Kasulu alfajiri na kweli likapita Kibondo, likasimama stendi, na mimi nikatazama mlango wa duka ninaponunulia chaki. Hasira yangu sasa ilikuwa ya aina nyingine, na sikujua niielekeze wapi. Mtu unaweza kukasirishwa na mama yako na huku unamshikia chupa ya maji anywe.

Baada ya Kahama mkanda wa injini ulikatika. Tulikaa kando ya barabara tangu saa nne mpaka saa nane, jua linachoma, abiria wamejipanga kwenye kivuli cha basi ambacho kilikuwa kinapungua. Mama akanunua karanga, akanimenyea. Ndipo nikamuuliza kwa nini wageni walikipenda kile kikapu wakati yeye ndiye alikuwa fundi.

"Sikuwa fundi kumzidi," alisema. "Nilikuwa fundi wa mkono wa kulia."

Akanieleza, nami nawaeleza. Mwanamke wa mkono wa kulia akisuka, mzunguko wa kikapu unakwenda kuelekea kushoto. Vyote viko hivyo, hata vya hapo kwenu ukiviangalia. Mama Mkubwa alisuka kwa kushoto, kwa hiyo vyake vilizunguka kuelekea kulia. Wanawake wa ukoo wa Baba walikataa vibebe zawadi ya harusi. Walisema kikapu cha kinyumenyume kitamrudisha bibi harusi kwao. Hivyo alisuka miaka yote, vizuri kuliko wote, mshono umebana hata maji yangechelewa kupita, na vikapu vyake vikaishia kuwekewa maharage na unga. Vya Mama ndivyo vilivyokwenda harusini.

"Na wewe uliamini hayo ya kinyumenyume?"

Mama alimenya karanga tatu kabla ya kujibu. "Yalinifaa kuyaamini."

Tulifika Dar siku ya pili mchana, miguu imevimba. Mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja, wa Kakonko, alimwachia Mama limau lake na kumwambia Mungu atamponya.

Ndani ya jumba

Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia habari za jumba hili kwa madaha. Nitasema machache. Ni jeupe, kimya, sakafu inang'aa mpaka Mama alitaka kuvua viatu. Ukutani kuna michoro ya wanawake wa siku hizi. Mmoja amechora foleni ya ndoo za maji bila mtu hata mmoja, ndoo tu, na nilisimama pale muda mrefu kwa sababu niliijua ile foleni. Kuna batiki, kuna shanga, kuna mkeka mkubwa kama ua wa nyumba.

Ndani zaidi kuna vyungu, vibuyu na vikapu vya zamani, kila kimoja na kadi yake. Nikaanza kusoma kadi, kazi yangu ni kusoma. Chungu: jina la mfinyanzi halikuandikwa. Kibuyu: jina halikuandikwa. Kikapu: jina halikuandikwa. Chumba kizima cha mikono ya wanawake na hakuna anayejua waliitwa nani. Kadi moja tu ilikuwa na jina, nalo lilikuwa la mama yangu.

Aliyetupokea ni dada mpole aitwaye Rehema, ndiye anayevitunza vile vitu. Alimkalisha Mama kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, karibu na sanduku la kioo lenye kile kikapu. Watu wakajaa. Rehema akasema maneno mazuri kuhusu Bibi Domitila, fundi kutoka Kibondo, kisha akampa Mama kipaza sauti. Mama akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki kikapu sikukisuka mimi," alisema. "Alikisuka mke mwenzangu."

Halafu mzee mmoja wa mbele akacheka kwa upole, akasema, "Wazee wetu bwana, unyenyekevu wao!" Na watu wakapiga makofi. Wallahi, walipiga makofi. Mwingine akasema, kwetu kazi ya mmoja ni ya wote. Rehema naye akatabasamu, akamshika Mama bega.

Mama aligeuka akanitazama, na sijawahi kuona uso wake namna ile. Alikuwa amesafiri siku zote zile, amesimama uani kwa Skolastika bila maji, na sasa wanamnyima hata kukiri.

"Mnanipigia makofi ya nini?" sauti ikampanda. "Nimewaambia niliiba!"

Makofi yakafa. Mtu mmoja karibu yangu akanong'ona kwamba bibi amechoka na safari, apewe maji. Nikamwambia, tena kwa sauti ya darasani, "Bibi hajachoka. Msikilizeni."

Mama akafungua mzigo wake. Akatoa nyasi, nyuzi za mgomba na ile sindano yake nene, akaanza kusuka. Alisuka mizunguko minne, labda mitano, watu wamesimama, wengine wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe yameanza. Kisha akainuka, akakiinua kile kipande akakiweka kwenye kioo, kando ya kile cha ndani.

"Wewe mwenye macho mazima," alimwambia Rehema, "fuata kwa kidole, changu kinakwenda wapi. Kisha fuata hicho."

Rehema akafuata kwa kidole juu ya kioo. Akafuata mara ya pili. Akainama, akatazama kwa karibu, na nikaona anaelewa, kwa sababu lile tabasamu la kumbembeleza mzee likaondoka, akawa mtu aliye kazini.

"Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema polepole.

"Ehe."

"Aliitwa nani, mama?"

Na Mama, ambaye maisha yangu yote nimemsikia akimwita "mukeba wangu" au "mama yake Skola", alilitaja jina lile kwa kipaza sauti, na la baba yake, na la Kitanga alikozaliwa. Rehema akaandika kwa kalamu kwenye kadi nyeupe, akaitoa ya zamani, akaiweka mpya. Akasema na daftari litarekebishwa na yataandikwa maelezo yote. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipiga picha ya kadi, picha tatu za kwanza hazikufaa.

Kipande cha Mama walikiomba wakiweke pia. Akakataa, akakifumua pale pale, nyasi akazikunja akazirudisha kwenye khanga.

Kurudi Kitanga

Safari ya kurudi haikuharibika popote, na siku ikawa ndefu zaidi. Mama alilala sana. Mimi nilikuwa nafikiri tumemaliza, kwamba tunampelekea Skolastika picha, anasamehe au anakataa, tunarudi nyumbani.

Skolastika alitukaribisha ndani. Aliitazama picha kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole, akasoma jina la mama yake kwa midomo bila sauti. Alituletea maji. Baadaye akaleta ugali na maharage, tukanawa, tukala watatu sahani moja, na Mama safari hii alikula. Nikapumua.

Skolastika akauliza, "Wale wageni wa siku ile, walisemaje?"

"Lini?"

"Siku walipokichukua. Walikishika wakasemaje?"

Mama akaacha kutafuna. "Kulikuwa na mwanamke mmoja," alisema, "mrefu. Nilipomwaga maharage, alikigeuza, akakikumbatia hivi, kifuani. Akasema amezunguka wilaya tatu na hajaona mkono kama huu. Akaomba amwone aliyekisuka ampe mkono."

"Na mama alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa kitanda cha dirishani," Skolastika alisema. "Mimi nilikuwa nalala chini yake. Alikaa muda gani baada ya hapo?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu. Na gari la Kabanga lilikuwepo. Ungekuja siku moja ukamwambia, Leokadia, kikapu chako wamekipenda. Basi. Ungerudi na kitenge chako ukavaa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alikufa anajua kwamba alisuka kinyume."

Nilidhani Mama ataanguka, nikasogea. Alinisukuma kwa upole, akainuka, akamuuliza Skolastika kama bado kaburi liko pale nyuma, kwenye migomba. Liko. Tukaenda wote, saa tisa mchana, jua kali, kuku wanatufuata. Ni tuta la udongo tu na mawe yamepangwa pembeni. Mama akapiga magoti kwa shida, kwa lile goti lililochunika, akaanza kuongea kwa Kiha, si kwa sauti ya sala, kwa sauti ya mtu anayemletea jirani habari.

"Leokadia, wageni walikuja nyumbani. Wewe ulikuwa Kabanga. Niliwatandazia vya kwangu vyote, hawakuvitaka. Wakachukua chako." Akasimulia yote, kichanja, ungo, maharage yalivyomwagika mengine chini. Akasimulia yule mwanamke mrefu, jinsi alivyokikumbatia, na maneno yake. Akasema, "Alitaka akupe mkono. Nilimpa wa kwangu."

Skolastika alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kichwani, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Rudia," alimwambia. "Pale alipokikumbatia."

Mama akarudia.